Njegere Zilizofungiwa Mbichi

Nilitia mkono ndani ya pipa nikakuta joto.

Halikuwa joto la jua. Ghala lile halina dirisha, na asubuhi hiyo ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba. Lilikuwa joto la mwili. Kama unapoingiza mkono chini ya kuku anayeatamia, au chini ya blanketi ambalo mtu ametoka kuamka sasa hivi. Njegere za juu zilikuwa ngumu na kavu, zinateleza vizuri kama kokoto. Chini yake vidole vyangu viliingia kwenye kitu laini kilichoshikana kama ugali uliolala. Nilitaka kuutoa mkono, nikashindwa. Niliogopa kuona utatoka na nini.

Nyuma yangu walisimama wanawake wenzangu, wote tuliorudi kutoka Tanzania, majembe begani. Mvua ilikuwa imeshanyesha vya kutosha, udongo umelainika, na siku ya kupanda ndiyo ilikuwa hiyo.

"Vipi, dada?" akauliza jirani yangu, ambaye kambini nyumba zetu zilitazamana na hapa Gasorwe, mkoani Muyinga, Burundi, tunatazamana tena. "Kuna nyoka humo?"

Nilitoa ngumi nikaifungua mbele yao. Mbegu zilikuwa zimeshikana kwa nyuzi nyeupe, ngozi zake zina ukungu wa kijivu. Chache zilikuwa zimejaribu kuota. Zilitoa kamkia kadogo, halafu kamkia kakaoza. Mvuke ulipanda kutoka kwenye pipa ukatugusa usoni. Ulinuka kama pombe ya mtama iliyochacha ikapitiliza.

Hakuna aliyelia. Watu waliokulia kambini hawalii haraka, tunasubiri kwanza kujua kama tutatakiwa kukimbia. Jirani yangu aliweka jembe chini polepole, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

Mkuu wa ghala alikuwa mlangoni, ufunguo unaning'inia shingoni. Hakusogea.

"Bon, haya," alisema. "Iko mbaya?"

Aliuliza hivyo bila kuchungulia. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

Mimi sina shule ya maana. Nilisoma kambini mpaka nilipojua kusoma na kuandika, halafu mama akaugua, nikabaki nyumbani kumhudumia. Lakini jambo hili nitaliandika mwenyewe, kwa sababu hapa kilimani linasimuliwa vibaya. Wanasema mwanamke kutoka Tanzania hakujua kukausha njegere, zikaoza, basi. Wanalisema wakicheka. Mimi silicheki, kwa kuwa ndani ya pipa lile kulikuwa na shamba langu.

Nieleze lilivyoingia humo.

Tulikimbia kilima hiki nikiwa msichana, mdogo wangu mgongoni. Baba alibaki. Alisema atafunga mlango atufuate, na hakutufuata. Nani alimuua, sijui kwa macho yangu, na nisichokiona sikisemi. Watu wananiuliza kwa kunitega, wakitaka nimtaje mkuu wa ghala kwa hilo pia. Simtaji kwa hilo. Namtaja kwa njegere, kwa sababu za njegere niliziona.

Tuliporudi, vita vilikuwa vimekwisha. Lori lilitushusha Kobero, mpakani, na turubai zetu, sufuria zetu na mgao wa kuanzia maisha. Wabadilisha fedha walitukimbilia, wapagazi wakagombania mizigo yetu, na mimi nikarudi nyuma kuelekea lori kwa sababu kila mtu alikuwa anazungumza Kirundi kwa sauti kubwa. Kirundi cha sauti kubwa ndicho nilichokimbia. Jirani yangu alinishika kiuno akasema, "Tembea, dada. Hawatufokei. Wanauza mkate."

Kilimani nilikuta shamba la baba lina mwenyewe. Ni huyu mkuu wa ghala, ambaye wakati huo alikuwa hajawa mkuu wa chochote. Alikuwa amelilima miaka yote tuliyokuwa hatupo, na mihogo yake ilikuwa mirefu kunipita. Bashingantahe, wazee wanaoamua mambo ya kilima, walikaa wakasikiliza. Wakaligawa. Yeye abaki na sehemu ya chini, penye udongo mweusi. Mimi nichukue sehemu ya juu, karibu na mikaratusi. Lakini wakaweka sharti: msimu wa mvua unaokuja nipande, na wakati wa palizi watapita kuangalia. Wakikuta pamelimwa na pameota, pangu. Wakikuta patupu, maana yake sina haja napo, na aliyekuwa anapalima ataendelea.

Sikulala vizuri tena. Kila asubuhi nilikwenda kusimama kwenye kile kipande, na kila asubuhi yeye alikuwa kule chini, ameegemea jembe, ananitazama. Mke wake alikuwa akinisalimia, yeye hapana.

Mbegu sikuwa nayo. Maharage ya kupanda hakuna aliyethubutu kuniazima. Walisema wenyewe hawana, na macho yao yalikuwa yanakwenda kwa yule aliyeegemea jembe. Ndipo nikakumbuka kwamba mama mdogo, ndugu wa mwisho wa mama yangu, hakuwahi kukimbia. Yuko Mutaho, kule Gitega, na analima njegere, ambazo kwa Kirundi tunaziita ubwishaza. Njegere haichagui sana udongo. Inavumilia hata jirani ya mikaratusi.

Nilifika Mutaho mapema kuliko njegere zenyewe. Maganda yalikuwa yamejaa, lakini bado ya kijani. Mama mdogo alilibana moja, likapasuka, akanimwagia mbegu kiganjani. Mbichi, nzito, zinang'aa, zinakimbiakimbia mkononi kama shanga. Niliibana moja kwa ukucha ikatoa maji matamu.

"Hizi ni za kupika," alisema. "Za kupanda huachwa shambani mpaka ganda liwe kama karatasi. Njoo tena baadaye."

"Mama mdogo, siwezi kuja tena. Mvua itanikuta njiani. Na yule mtu…"

Alinitazama, akaelewa kwamba naogopa kuliacha shamba peke yake. Akachukua jembe akaanza kung'oa. Hakuchuma maganda. Aling'oa mmea wote, na mizizi, na majani, na udongo ukidondoka.

"Sasa nisikilize, mwanangu. Usizimenye. Zitundike hivi, mizizi juu, kivulini, penye upepo. Shina litaendelea kuzilisha kidogokidogo mpaka liishe lenyewe. Mbegu haijui kwamba imeng'olewa. Ganda likishaanza kulia ukilitikisa, hapo menya. Ukizimenya sasa ukazianika juani, ngozi itakauka kabla ya moyo. Itajifunga. Maji yatabaki ndani hayana pa kutokea."

"Nitajuaje kama moyo umekauka?"

"Nyinyi mlikula njegere miaka yote huko kambini, hujui?"

Nilicheka, na nilicheka kwa aibu. Njegere tulizokula sisi zilikuja kwenye magunia ya mgao, za njano, ngumu, zimepasuliwa nusu nusu. Tulizichemsha mpaka kuni zikaisha. Jirani yangu mpaka leo hutania kwamba alikuwa mtu mzima kabla ya kujua kwamba njegere huzaliwa nzima. Kambini hatukuwahi kuona hata moja ikiwa hai. Tuliijua mwisho wake tu.

Nilirudi Muyinga na mzigo ule nyuma ya gari la ndizi. Kila tuliposimama nilikuwa nafungua kitenge ili majani yapate hewa, maana mama mdogo alinionya kwamba mzigo mbichi ukibanwa unajichemsha.

"Mama, hiyo ni chakula ya mbuzi?" akauliza mwenye ndizi.

"Ni shamba."

"Ah! Shamba inasafiri na gari sasa?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka nao, na kwa muda mfupi ule sikuogopa. Nilifika nikaitundika mimea yote chini ya upenu, mizizi juu. Upepo ulipopita, majani yalikuwa yananong'ona. Nilipenda sauti ile. Kila siku nilishika ganda moja nikalitikisa sikioni. Kimya. Siku nyingine, kimya bado. Rangi ilianza kufifia pembeni, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi.

Kisha akaja.

Wakati ule chama cha wakulima kilikuwa kimeshamchagua kuwa mkuu wa ghala, kwa vile yeye ana kufuli na ana kauli. Alisimama uani mwangu akatazama juu, kwenye mizizi. Mimi akinisemesha husema Kiswahili, kile cha sokoni kwao. Kirundi nakijua, nacho ni cha mama yangu. Ananisemesha Kiswahili ili majirani wasikie kwamba mimi si wa hapa.

"We mama Tanzania. Iko nini hii? Unakausha dawa ya mchawi?"

"Ni njegere za mbegu, shefu," nilisema, kama wakuu wanavyoitwa huku.

"Mbegu ya batu banarudi yote inaingia ku ghala. Chama imesema. Huku munaibiwa, alafu munakuja kulia ku mi. Menya, anika, leta."

"Bado mbichi, shefu. Mama mdogo amesema…"

"Mama mdogo iko wapi? Gitega? Bon. Hapa iko Muyinga."

Nilimwambia nitazileta zikikauka. Akasogea karibu. Hakunigusa. Alishika ganda moja lililoning'inia karibu na shavu langu, akalipasua kwa dole gumba, akala mbegu zake moja moja huku ananitazama.

"Bashingantahe banapenda mutu anasikia," alisema. "Mutu hasikii, atalima namna gani na bengine?"

Wale wanaosema nilikosea kutii, waje wanionyeshe mahali ambapo ningesimama. Ningekataa, wazee wangeambiwa kwamba nakataa chama. Ningekubali, njegere zingekauka vibaya. Nilikuwa mjane, mume nimemzika kambini, kwenye kilima ambako baba yangu alibaki kufunga mlango. Nilimenya.

Wenzangu nao waliambiwa hivyohivyo. Nilikuwa nimewagawia sehemu ya mimea ili tusaidiane kulima. Tulimenya pamoja, vidole vikawa vya kijani. Na hapa nasema kosa ambalo ni letu sisi wa kambini, simtwishi yeye: tulizianika juu ya turubai. Turubai zile tulikuja nazo, tulizifunika juu ya vichwa vyetu miaka na miaka, tukaziamini kwa kila kitu. Zile zinashika jua kama kikaango. Chini hazipumui. Mama mdogo angetandika mkeka kivulini. Sisi tulitandika turubai katikati ya uwanja, na kwa kuwa mvua ilikuwa bado haijaja, jua likawaka sana.

Zilikauka haraka mpaka ikatutisha. Asubuhi zilikuwa zinang'aa. Mchana mng'ao ukaondoka, vikaingia vibonyeo, kama mashavu ya mzee. Baada ya siku chache zilikuwa zimesinyaa na kukunjamana, ndogo, nyepesi, na rangi ya kijani imekuwa ya majani yaliyopigwa jua. Ukizimwaga zilikuwa zinalia kabisa. Ko, ko, ko.

"Dada, zimeshakuwa mgao," jirani yangu alisema. "Bado kuzipasua nusu tu, tupange mstari."

Tulicheka sana. Tuliziuma kwa meno, kama tulivyokuwa tukijaribu zile za magunia. Ngumu. Mkuu wa ghala akaja, akauma moja mbele yetu. "Ko! Musikie. Imekauka."

Mimi nilichukua kisu nikaikata moja katikati. Nje kulikuwa na ngozi ngumu kama ukucha. Ndani, moyo ulikuwa wa kijani kibichi, laini, una unyevu. Nilimwonyesha. Nilimwonyesha yeye, mkononi mwangu, mchana kweupe, na wenzangu wakiona.

"Shefu, tazama. Maji yamefungiwa ndani. Tuziache kivulini kwanza, maji yatoke."

Alizitazama nusu mbili zile. Alizitazama kwa makini. Halafu akazipuliza kutoka kiganjani mwangu kama mtu anayepuliza pumba.

"Mi nilizaliwa ndani ya njegere," alisema. "We ulizaliwa ndani ya gari. Leta."

Pipa lilikuwa la chuma, alilinunua kwa mfanyabiashara wa Muyinga mjini. Lilikuwa na mfuniko wenye mpira na kibano cha chuma. Zikaingia zikiwa bado na joto la turubai. Akagonga kibano kwa kipande cha mti, tak, akafunga mlango wa ghala, ufunguo ukarudi shingoni.

Toka hapo niliishi na hofu ambayo sikuweza kumwonyesha mtu, kwa sababu ilikuwa hofu ya njegere, na nani atakuhurumia kwa hiyo? Nilikuwa nikipita karibu na ghala nanusa. Niliota ndoto kwamba zinapumua. Nilimwambia jirani yangu, akasema, "Dada, umeogopa watu mpaka wamekuishia, sasa unaogopa mboga." Lakini naye akawa ananusa.

Halafu nikaona nilichokiona.

Ilikuwa mchana, natoka kuchota maji. Mlango wa ghala ulikuwa wazi kidogo. Yeye alikuwa peke yake. Mfuniko alikuwa ameuegemeza ukutani, na mkono wake ulikuwa ndani ya pipa mpaka karibu na bega. Aliutoa. Akanusa vidole. Akavipangusa kwenye suruali, mara mbili, kwa nguvu, kama mtu aliyegusa uchafu. Halafu akachukua mfuniko akaurudisha, akaweka kibano, akagonga. Tak.

Alipogeuka akanikuta nimesimama na ndoo kichwani.

"Panya," alisema. "Naangalia panya."

Panya, ndani ya pipa la chuma lenye kibano. Mdomo wangu ulifunguka nikataka kusema: shefu, zimwage nje, leo jua lipo, bado tunaweza kuokoa baadhi. Maneno yote yalikuwepo. Ila alikuwa amesimama kati yangu na njia, na hapakuwa na mtu mwingine, na macho yake yalikuwa yaleyale ya kule shambani. Nikasema, "Ndiyo, shefu." Maji yalinimwagikia mgongoni njia nzima kwa jinsi nilivyokuwa nakwenda mbio.

Siku hiyohiyo, jioni, mke wake alikuwa anapanda mashina ya viazi vitamu kwenye mpaka wetu. Aliyapanda upande wangu. Aliponiona hakunisalimia.

Kisha mvua ikaja, tukaenda na majembe, na yaliyofuata nimeshayasema.

Baada ya pipa kufunguliwa tulichagua zile za juu na za pembeni ambazo hazikuwa na ukungu. Tuligawana, kila mmoja akapata chache. Nilizipanda kwa nafasi kubwa kubwa ili kipande kionekane kimejaa. Nilikuwa nachuchumaa kila asubuhi nafukua kwa kidole kuona kama kuna kinachosogea. Nyingi zilikuwa zimevimba kwa maji ya mvua, halafu zikayeyuka. Ukiishika inapasuka, inatoka uji. Chache ziliota, nyembamba, za manjano, zikasimama mbalimbali kama watu wasiojuana.

Wakati wa palizi wazee walipita. Walikuwa wapole. Mmoja alishika mche akauachia. "Binti, hapa hakuna shamba," alisema, na sauti yake ilikuwa ya masikitiko kweli. Nilieleza pipa. Nilieleza joto. Mkuu wa ghala alikuwepo, akasema kwa Kirundi kizuri, taratibu, kwamba Wanyarwanda na Waganda na Watanzania wote wanajulikana, kila mtu ana kazi yake, na wengine kazi yao ni kula mgao. Watu wakacheka. Wazee wawili walicheka pia, wakafunika midomo.

Sasa sehemu ya juu ina mihogo yake. Ameniachia penye nyumba, basi. Kutwa nzima nasikia jembe lake, na kila linapogonga jiwe mimi nashtuka kama zamani. Jirani yangu ananiambia ninyamaze, amani imepatikana kwa shida, tusiichokoze. Nami naogopa, sitadanganya. Ninapoandika hapa mlango nimeufunga.

Lakini amani ambayo mimi ndiye ninayetakiwa kuinyamazia kila siku, na yeye ndiye anayeivuna, siitaki bila jibu. Kwa hiyo nasema. Yeye, mkuu wa ghala la chama chetu, ndiye aliyeamuru zimenywe mbichi. Ndiye aliyeonyeshwa moyo mbichi akaupuliza. Ndiye aliyefunga, na ndiye pekee aliyekuwa na ufunguo. Na viongozi wa chama waliompa ufunguo wakaniambia eti ni bahati mbaya, nao nawataja pamoja naye.

Nataka bashingantahe wakae tena, mchana, uwanjani, watu wote wa kilima wakiwepo, sisi tuliorudi na wao waliobaki. Nataka asimame katikati aulizwe swali moja, na ajibu kwa Kirundi, nitaelewa: ile siku alipotoa mkono kwenye pipa akaunusa, alijua nini? Na kama alijua, kwa nini alirudisha mfuniko?

Ajibu.